Bakuli la Halima Lililorudi Limejaa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa midomo ya kumtaja na riziki ya kutia midomoni, akanipa na mimi umri wa kutosha kuyajutia makosa yangu kabla hajaniita. Namshukuru kwa siku zangu za raha na kwa siku zangu za aibu, maana zile za aibu ndizo zilizonifundisha zaidi.

Nakumbuka Ramadhani moja ya miaka ya hamsini, mwanangu, tulipokuwa tukiishi Majengo, hapo Pumwani. Mimi nilikuwa mke kijana, mwaka wa tatu katika ndoa. Mume wangu Abdalla alikuwa fundi katika karakana ya reli. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, vitatu upande huu na vitatu upande ule, ukumbi mrefu katikati, mbele baraza na nyuma ua wenye majiko yetu ya makaa. Mwenye nyumba alikuwa Bi Zainabu, mjane mnene mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye alituita sote wanawe na kutukaripia kama wanawe.

Miaka ile askari walipita mitaani wakiuliza watu vipande vyao vya utambulisho, na wanaume hawakupenda kwenda mbali jua likizama. Kwa hiyo wanaume wa nyumba yetu walifuturu pamoja barazani, juu ya mkeka mmoja. Kila mke alitoa bakuli lake, na Bi Zainabu, kwa kuwa alikuwa mtu mzima asiyeona haya mbele ya wanaume, ndiye aliyeyapeleka na kuyarudisha. Hakuna aliyetangaza bakuli hili ni la nani, lakini kila mtu alijua. Nasi tuliokula uani tulijua vilevile nani amependwa na nani amevumiliwa, kwa sababu bakuli linaporudi halifichi kitu.

Langu lilikuwa likirudi limekwanguliwa. Nilipika tambi za kukaanga kwa samli, na nazi, sukari na hiliki, na kwa miaka miwili hapakuwa na wa kunifikia. Nilikuwa nikisikiliza Bi Zainabu akija na sinia ukumbini, nikijifanya naosha kikombe. Akiliweka langu chini tupu, moyo wangu ulikunjuka. Tazama, mwanangu, jinsi mtu anavyoweza kufunga mchana kutwa kwa ajili ya Mungu, kisha jioni akafuturu kwa sifa.

Basi mwaka huo akaja Halima. Hamisi, dereva wa lori wa chumba cha mwisho, alimwoa mwezi wa Rajabu. Alitoka upande wa magharibi, katika nyumba ya Wakristo, na kabla ya ndoa alikuwa yaya kwa wazungu. Alisilimu mbele ya baba yangu, ambaye alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani mtaani kwetu, na baba akaniambia, "Saumu, huyu ni mwanafunzi wako." Mimi ndiye niliyemfundisha kutawadha. Mimi ndiye niliyekaa naye kwenye jamvi tukirudiarudia Alhamdu mpaka ikanyooka ulimini mwake. Nilimpenda, wala sisemi uongo. Nilimpenda maadamu yeye alikuwa hajui na mimi najua.

Siku ya kumi ya mfungo tulikwenda pamoja asubuhi kwa muuzaji nyama wetu, Mwislamu mwenzetu, pale soko la Shauri Moyo. Yeye alisimama mbele yangu. Akataka nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa, nami nikadhani atapika mchuzi. Kumbe sivyo.

Alasiri niliona ameweka sufuria moja tu jikoni. Ile nyama alikuwa ameikata kwa kisu, akaikatakata tena, mpaka ikawa kama imesagwa. Akakaanga vitunguu, akatia kitunguu saumu na pilipili manga, akatia nyama, kisha nyanya. Mpaka hapo sikushangaa. Ila mara akamimina maji humo humo, akafungua karatasi na kumwaga makaroni makavu juu ya nyama!

"We Halima!" akapiga kelele Bi Zainabu. "Huchemshi kwanza ukamwaga maji? Unatupikia uji?"

"Yatakunywa huo mchuzi, mama," akasema Halima, akicheka. "Ndiyo utamu wake. Chungu kimoja, basi."

"Na ukiharibu?"

"Nikiharibu mtanirudisha kwetu."

Tukacheka sote. Mimi nilicheka zaidi, kwa sababu nilitaka yaharibike.

Karibu na magharibi akatoa donge la manjano lililofungwa katika karatasi, akalikata vipande vidogo, akavitia sufuriani, akafunika na kuiweka sufuria pembeni ya moto. Alipofunua, mwanangu, harufu iliyotoka pale iliwasimamisha wanawake wote wa uani. Nasi tulikuwa na njaa ya kutwa. Ilikuwa jibini. Wengi wetu tulikuwa tunaisikia tu, chakula cha kule wanakokaa wazungu.

Yaliyotokea barazani nilikuwa nayasikia kupitia ukumbini. Kwanza sauti ya mzee mmoja: "Hamisi, hiki ni nini? Kinavutika kama kamba ya kufungia ng'ombe!"

"Vuta, mzee, usikate," akajibu Hamisi. "Aliyekata ameshindwa."

Wakacheka kama watoto. Nikasikia sauti ya mume wangu, ile sauti niliyoijua hata katikati ya watu mia: "Sogezeni huku jamani, nyinyi wa upande huo mna mikono mirefu!"

Bakuli la Halima likarudi kama limeoshwa. Langu likarudi nusu. Bi Zainabu aliyaweka bega kwa bega, nami nikageuza uso.

Halima alikuwa ameniwekea sahani yangu. "Dada Saumu, hii yako. Niambie kama chumvi imekaa, maana nimepika bila kuonja."

Nikaila nikiwa nimempa kisogo. Mwanangu, sikumbuki kama niliwahi kula chakula kitamu vile. Makaroni yalikuwa yamekunywa ule mchuzi wa nyama mpaka ndani, na jibini imeyashika yote pamoja. Nililamba vidole, na kila nilipolamba chuki ilizidi. Kingekuwa kibaya ningemhurumia, na kumhurumia Halima nilikuwa nimekuzoea.

Abdalla alipoingia chumbani, alikuwa bado anatabasamu. Akasema maneno ambayo hakuyapima hata kidogo, maskini, "Saumu, kesho mwambie Halima akufundishe ile kitu yake."

Akufundishe. Mimi, binti wa mwalimu, nifundishwe na niliyemfundisha kunawa uso! Nikamjibu, "Inshallah," nikakunja shuka ambalo halikuhitaji kukunjwa.

Siku mbili baadaye wanaume wakayaomba tena makaroni yale. Halima akayapika tena, na bakuli langu likarudi hata kijiko hakijaingia. Zile tambi nilizimwaga jalalani nyuma ya nyumba, ili nisizione. Kumwaga chakula katika mwezi mtukufu! Wivu hauna adabu hata kwa Ramadhani.

Kesho yake tulikuwa uani wanawake watano tukichambua mchele, Halima akiwa amekwenda bombani kuteka maji. Mmoja akasema, "Yule mtoto ana mkono, wallahi." Mwingine akasema, "Mimi mume wangu ananiuliza jibini inauzwa wapi." Wote wakanitazama kana kwamba wananiuliza nami nimeonaje.

Nikaendelea kuchambua mchele. Nikasema taratibu, "Mimi najiuliza tu. Ile jibini kule jikoni kwa wazungu hushikanishwa na kitu gani? Na visu vyao hukatia nini? Maana kule kuna nguruwe." Nikapuliza pumba. Halafu nikasema, "Allahu aalam."

Mungu ndiye ajuaye. Hilo tu. Sikusema ni haramu. Nililipamba neno langu kwa jina la Mungu, nikaliacha litembee lenyewe.

Nalo likatembea. Mchele ulikuwa haujaingia sufuriani, neno limekwisha fika nyumba ya jirani, na kule halikuwa tena swali. Ilikuwa ni "Binti wa mwalimu amesema kuna nguruwe."

Jioni hiyo Halima alipika kama kawaida. Hakuna aliyemwambia kitu. Alitia makaroni yake bakulini, akalifunika kwa kawa, akampa Bi Zainabu huku akitabasamu. Adhana ikalia. Wanaume wakafungua kwa tende na maji. Mimi niliketi uani, masikio yangu yote yako barazani. Sikusikia kicheko. Nikasikia tu Hamisi akisema, "Jamani, mbona hamfunui?"

Bakuli likarudi limejaa. Hata kawa halikuwa limeinuliwa. Halima alilipokea, akafunua, akatazama ndani kana kwamba atakuta sababu humo. "Yameungua?" akauliza. "Mama, yana ubaya gani?"

Wanawake walitazama sahani zao. Nami nilitazama yangu, na nakuambia ukweli, kwa kiasi cha pumzi mbili tatu nilifurahi.

Furaha hiyo ilikwisha asubuhi yake. Alikuja kaka mkubwa wa Hamisi, mtu wa ukali, akasimama ukumbini akasema ili wote tusikie, "Nilikuambia usichukue mwanamke wa nje. Umelishwa haramu katika Ramadhani, wewe na wenzako. Usile tena mkononi mwake. Mrudishe kwao mpaka tujue kama alisilimu au alitaka ndoa tu." Hamisi alitazama chini. Alikuwa kijana, na yule alikuwa amemlea.

Nilipita mbele ya chumba chao nikamwona Halima amekaa chini, nguo zake amezitia katika kanga na kuikaza fundo. Aliponiona akainuka haraka, akanishika mkono. Hakujua, mwanangu! Hakujua neno lilitoka wapi.

"Dada Saumu, wewe unanijua. Wewe ndiye uliyenifundisha. Waambie. Wakikusikia wewe watanyamaza."

Nikamwambia, "Subiri, nitaona." Nikatoa mkono wangu katika mkono wake.

Bi Zainabu ndiye aliyemwita baba yangu. Alikuja baada ya alasiri, na kofia yake na fimbo yake, akaketi juu ya kigoda uani katikati ya majiko yetu. Halima alisimama mlangoni na furushi lake miguuni. Hamisi na kaka yake walikuwa ukumbini.

Baba hakupandisha sauti. Maisha yake yote sikumsikia akiipandisha.

"Nimeambiwa nimesema mimi kwamba kuna nguruwe," akaanza. "Nimeuliza nilisema lini, nikaambiwa si mimi, ni binti yangu. Saumu."

"Labeka, baba."

"Ile nyama ilinunuliwa wapi?"

"Kwa mchinjaji wetu, Shauri Moyo."

"Umejuaje?"

"Nilikuwa nyuma yake."

"Na jibini?"

"Sijui, baba."

"Ulimwuliza?"

"Sikumwuliza."

Akamgeukia Halima. "Mwanangu, jibini uliipata wapi?"

"Dukani kwa Mhindi wa Goa, mwalimu, barabara ya kuelekea mjini. Karatasi yake hii hapa."

Baba akaitazama ile karatasi, akairudisha. "Mimi jibini huila," akasema. "Mhindi wa duka la vitambaa hunipa kipande, nikala na chai. Basi na mimi nifungiwe furushi?" Bi Zainabu akacheka puani. Baba hakucheka. "Saumu, wewe uliwekewa sahani?"

"Niliwekewa."

"Ulikula?"

Nikatazama majivu ya jiko. Bi Zainabu akasema, "Jibu, mama."

"Nilikula."

"Ulibakisha?"

"Sikubakisha kitu."

Wanawake wakaguna. Halima alikuwa ananitazama sasa, na niliona jambo likimwingia kidogo kidogo usoni, kama mtu anayesoma barua. Angenitukana ningeshukuru.

Baba akasema, "Allahu aalam ni neno la mtu asiyejua, na anakiri kwamba hajui. Wewe ulilisema kama mtu anayejua na anaficha. Umechukua neno la unyenyekevu ukalifanya kisu. Nimekusomesha ili iwe hivi?"

Nililia pale pale. Baba aliacha nilie. Kisha akasema, "Kulia ni kwako na Mola wako. Neno lako lilitoka uani likapita ukumbini likafika barazani. Litarudi njia hiyo hiyo. Halima akikubali, atapika leo, nawe utakaa ubavuni pake uone kila kinachoingia sufuriani. Halafu bakuli utalipeleka wewe."

Halima akainama, akalisukuma furushi ndani ya chumba kwa mguu, akasema, "Makaa yako wapi?"

Ndivyo nilivyojifunza, mwanangu, kwa adhabu. Kwanza tulikwenda pamoja Shauri Moyo na dukani, nikaona nyama na jibini vikinunuliwa. Nilikata nyama mpaka mkono ukauma. Yeye hakuzungumza nami ila ya kazi: "Nyembamba zaidi." "Maji yafunike makaroni, yasizidi." "Usikoroge sana, yatavunjika." "Jibini mwisho, ukishaondoa moto." Na mimi nilijibu, "Ndiyo, Halima," kila mara.

Jua lilipozama nilijifunika, nikalichukua bakuli. Ukumbi ule nilikuwa nimeupita mara elfu, na siku hiyo ulikuwa mrefu kuliko barabara ya Mombasa. Wanaume wote walikuwa mkekani, baba kati yao, na Abdalla wangu, na kaka wa Hamisi. Mke kijana kusimama mbele yao na kusema, haikuwa desturi. Nilisimama.

Nikasema, "Nyama hii nimeiona ikinunuliwa, na nimeikata mimi. Kila kilichomo nimekiona kwa macho yangu, na ni halali. Jana nilisema vingine. Sikuwa nimeona kitu. Nilisema kwa wivu, kwa sababu bakuli lake lilirudi tupu na langu halikurudi tupu."

Abdalla aliinamisha kichwa. Nilijua aibu yangu imekuwa yake, na hilo lilinichoma kuliko mengine yote. Baba alinyoosha mkono, akafunua kawa, akasema Bismillahi, akatia mkono wa kwanza. Wa pili alikuwa mume wangu. Wa tatu, baada ya kusitasita, alikuwa kaka wa Hamisi, na alipovuta ile jibini ikamng'ang'ania ndevuni, mtu mmoja akashindwa kujizuia akacheka, na baraza zima likacheka.

Halima hakurudishwa kwao. Furushi lilifunguliwa usiku ule ule. Baada ya siku chache aliniita "dada" tena, na tukaishi uani mwa Bi Zainabu miaka tisa, tukapokezana watoto na kuuguzana.

Lakini makaroni yale hakuyapika tena. Kesho yake alitoa muhogo wa nazi. Wanaume wakauliza, akasema amechoka nayo. Idi ikaja, Ramadhani nyingine ikaja, wakaacha kuuliza. Mimi nilingoja miaka mingi ndipo nikapata ujasiri, siku wanahamia Mumias, tukifunga vyombo. Nikamwuliza, "Halima, mbona hukuyapika tena?"

Akaendelea kufunga. Akasema bila hasira, "Siku zile nilikuwa nayapika nikidhani nimekwisha kuwa wa hapa."

Siku hizi naishi Buruburu kwa mmoja wa watoto wangu. Wajukuu huniomba niwapikie, na mimi huwapikia, sufuria moja, nyama, makaroni na jibini mwisho. Wakinisifu huwaambia kwamba si yangu, ni ya mwanamke aitwaye Halima. Hawajui kwa nini bibi yao hulisisitiza jina hilo.

Mwanangu, sikuambii usione wivu. Moyo haukuombi ruhusa. Utaona cha mwenzako kimesifiwa na chako kimeachwa, na utaumia, na kuumia huko si dhambi. Ila ukisikia wivu, funga mdomo kwanza. Na ujihadhari zaidi pale wivu wako unapokuja umevaa kanzu, unapojikuta unaitetea dini juu ya mtu ambaye jana alikupita. Jiulize kama ungeitetea hivyo bakuli lako lingerudi tupu. Ukishalisema neno, nenda kalirudishe haraka, mbele ya wale wale waliolisikia, hata ikikuvunja. Utasamehewa, inshallah. Lakini usidhani kusamehewa ni kurudishiwa kila ulichoharibu. Vingine havirudi, na utavikosa ukiwa umekaa karibu na mwenyewe.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akuzidishie riziki ya halali na watu wa kula nawe. Akupe jicho linalofurahi kwa neema ya jirani, na ulimi unaotulia moyo unapochafuka. Mgeni akiingia nyumbani kwako ajione yuko kwao, na asipate kamwe sababu ya kufunga furushi. Amina.